Maji ya Moto, Maji ya Baridi na Sendoff ya Anjela

Vijana wangu wa jikoni, marahaba. Najua wengine hamjanisalimu, lakini naitikia kabisa ili tusipoteze muda, maana nina la kusema kuhusu mboga zenu.

Juzi nilialikwa harusi hapa Babati, ukumbi uko upande wa Singe. Pilau ilikuwa nzuri, mchele wa Magugu, punje inajitenga na mwenzake. Kuku safi. Nikasogea kwenye mboga na sahani yangu, nikafunua mfuniko, nikakuta maharage machanga yana rangi ya suruali ya mgambo iliyofuliwa miaka. Karoti zimelainika mpaka ukizigusa zinakuwa uji. Nikamuuliza kijana aliyesimama pale na kofia yake nyeupe, "Mwanangu, hizi mmezipika saa ngapi?" Akanijibu kwa heshima zote, "Shikamoo mzee. Saa sita." Hiyo ilikuwa jioni, jua linazama. Sikumgombeza. Nilichukua kachumbari nikaenda kukaa, lakini roho iliniuma, na ndiyo sababu nawaandikia.

Mimi ni Yohana, watu wananiita Baba Anjela. Nimepikia shughuli za mji huu tangu kumbi zilikuwa hazijajengwa na tulikuwa tunafunga maturubai kwenye viwanja vya nyumba. Harusi, kipaimara, maulidi, misiba, vikao vya maofisi. Kama wewe ni mtoto wa Babati na ulizaliwa kabla simu za kupangusa hazijaja, kuna uwezekano mkubwa umekula mkono wangu. Sisemi kwa majivuno. Basi, nasema kwa majivuno kidogo.

Kazi ninayotaka kuwaeleza leo nyinyi mnaosoma vyuoni mnaiita kublanchi. Sisi tulisema kupitisha mboga, yaani unaipitisha kwenye maji yanayochemka, muda mfupi tu, halafu unaitoa na kuizamisha kwenye maji ya baridi ili moto uliomo ndani yake ukome. Mboga inakuwa haijaiva na wala si mbichi. Imesimama katikati, inakusubiri. Rangi imekolea, ukiivunja bado inalia. Unaichuja, unaifunika na kitambaa, na siku nzima iko mikononi mwako. Wakati wa kula ukifika, unaitia kwenye mafuta na kitunguu, unageuza mara chache, inakwenda mezani ya moto na ya kijani. Ni hilo tu. Lakini hilo tu limewashinda wengi.

Aliyenifundisha ni Mama Hawa. Huyu alikuwa na hoteli ndogo karibu na soko, mwenyeji wa Tanga aliyeletwa huku na mumewe aliyekuwa na duka la vitambaa. Mimi nilishuka mjini kutoka Dareda nikiwa kijana mzima mwenye mabega, Mwiraqw ambaye Kiswahili chake bado kilikuwa na mawe ndani. Nilimwambia najua kupika. Nilijua ugali.

Siku ya kwanza alinipa beseni la nyanya na kisu, akasema nizichane alama ya msalaba kwenye makalio, nizitie kwenye maji yanayochemka, nizitoe haraka, nizitie kwenye maji ya baridi. Nikajiambia moyoni, huyu mama ana muda wa kuchezea. Kwetu nyanya tunakata tunatia. Lakini nilipoishika ile ya kwanza ganda likachomoka lenyewe kama soksi, nikabaki nimeikodolea macho. Mchuzi wake ulikuwa hauna yale maganda yanayokunjika na kukwama kwenye meno. Watu walikuwa wanatoka stendi na njaa zao, wanapita hoteli nyingine zote, wanakuja kwake, na wengi hawakujua kwa nini.

Halafu akanipa mnavu. Mnavu una uchungu, na wakati wa kiangazi uchungu unazidi. Nikachukua sufuria, nikatia maji kidogo ili yachemke upesi, nikajaza majani yote mpaka juu, nikayashindilia, nikafunika na mfuniko. Nilijiona fundi. Mama Hawa akaja, akafunua, akanusa, akafunika tena pole pole kama mtu anayefunika maiti.

"Umeyaua maji," akasema.

"Nimeyaua vipi, Mama?"

"Yalikuwa yanachemka?"

"Yalikuwa yanachemka."

"Na sasa?"

Nikatazama. Yalikuwa yamenyamaza. Majani yalikuwa mengi, maji kidogo, moto wote ulikuwa umemezwa, na mboga imekaa pale chini ya mfuniko inageuka njano. Alinipakulia sahani nzima na ugali, akakaa mbele yangu mpaka nikamaliza. Hakunikasirikia hata kidogo. Alikuwa anacheka na wateja, anawaambia, "Huyu Yohana ni mtu wa Mungu, ila mkono wake unatangulia na akili inafuata na basi la kesho."

Kwa hiyo nisikilizeni. Maji yawe mengi kuliko unavyofikiri yanahitajika. Yachemke kweli kweli, yawe yanaruka, siyo yale yanayotoa mvuke tu na kukudanganya. Tia chumvi. Tia mboga kidogo kidogo, ili maji yasinyamaze. Yakinyamaza ujue umezidisha. Mboga za kijani usizifunike kabisa. Usisimame unasoma simu. Chukua moja, ionje, kwa sababu maharage ya Singe yaliyochumwa asubuhi na yale yaliyolala kwenye gunia njiani hayawezi kuwa na muda mmoja. Ulimi wako ndio saa.

Na maji ya baridi yawe tayari kabla hujawasha moto. Hapo ndipo wengi wanaanguka. Mtu anachemsha vizuri, anaonja vizuri, anatoa mboga, halafu ndipo anauliza, "Jamani, maji ya baridi yako wapi?" Mwenzake anafungua bomba, bomba linakohoa hewa. Mji wetu mnaujua. Mboga inakaa pale kwenye chujio inaendelea kuiva kwa joto lake yenyewe huku nyinyi mnamtafuta mwenye bodaboda akachote dumu. Mimi nilikuwa na mama mmoja Nangara anayegandisha barafu za mfuko kwenye friji lake. Kila nikipata shughuli, wa kwanza kumwarifu alikuwa yeye, kabla hata ya mwenye nyama.

Usizilaze mboga majini pia. Zikishapoa mpaka katikati, zitoe. Zikikaa humo zinavimba maji, na utamu wote unabaki kwenye beseni, unakwenda kumwagwa kwenye migomba.

Ukishaielewa kazi hii utaiona kila mahali. Supu ya mifupa: ipitishe mifupa kwenye maji ya moto kwanza, umwage lile povu chafu, ndipo uanze upya, supu yako itakuwa safi unaona mpaka chini. Utumbo ni hivyo hivyo. Kuku wa kienyeji unamzamisha ili anyonyoke. Maji yakizidi moto anachanika ngozi, yakipungua unabaki unavutana na manyoya mpaka jioni. Yule kuku ndiye mwalimu mzuri wa joto la maji kuliko kipimo chochote. Hata akina mama wanaoanika majani ya kunde kwa ajili ya kiangazi, wale wanaoyapitisha kwanza ndio ambao mboga yao ukiiloweka inarudi kuwa mboga. Wanaoanika mabichi wanaishia kula nyasi kavu, ingawa hawapendi kuambiwa.

Kuna binti mmoja wa chuo alikuja kufanya mafunzo kwangu, akanieleza kwamba hilo neno lenu la kublanchi asili yake ni kukifanya kitu kiwe cheupe. Nikacheka, maana mboga yangu inatoka humo ya kijani kuliko ilivyoingia. Akaniambia ni kwa sababu ya lozi: ukizipitisha kwenye maji ya moto ganda la kahawia linatoka, zinabaki nyeupe. Akasema hata mkulima anayefukia shina la mboga na udongo ili jua lisiligeuze kijani, naye anatajwa kwa neno hilo hilo. Hapo nikamwelewa, kwa sababu nilikuwa nanunua liki kwa mzee mmoja wa Singe ambaye alikuwa anazipandishia udongo hadi shingoni, na shina lake lilikuwa refu, jeupe, laini. Akaongeza kwamba wenye lugha yao wanalitumia pia kwa mtu uso ukimpauka kwa hofu. Nikamwambia binti, hilo la uso sina hakika nalo, mimi sijawahi kuogopa jikoni.

Nilikuwa sijaoza binti yangu bado.

Sasa ndipo nije kwenye sendoff ya Anjela, mtoto wangu wa kwanza. Mnajua desturi zetu za kumuaga binti kabla ya harusi. Baba wa binti anakaa mbele, amevaa suti, anapokea wakwe. Hagusi sufuria. Nimepikia mabinti wa mji mzima, na siku ya wangu ndiyo siku niliyokatazwa kusogea jikoni. Kwenye kikao cha kamati nikasema, basi atapika Zainabu.

Zainabu ni mtoto wa mwisho wa Mama Hawa. Mama yake alipofariki, Mungu amrehemu, Zainabu alikuja kufanya kazi na mimi, akiwa tayari mama wa mtoto mmoja, Rahma. Tulipika pamoja miaka mingi. Kila mtu alimjua kama msaidizi wa Baba Anjela. Hakuna aliyewahi kumpa shughuli yeye kama yeye.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa shemeji yangu, Baba Lulu, kaka yake mke wangu. Mtu mzuri, ila anapenda vitu vitoke mbali. Akasema, "Shemeji, wakwe wanatoka Arusha. Tulete kampuni kutoka huko huko, wenye sare. Mama Rahma ni wa kusaidia, si wa kuongoza. Akituaibisha tutaenda wapi?"

Nikasema akishindwa lawama ni zangu.

"Lawama zako hazitashibisha wakwe," akasema. "Na yeye akiharibu shughuli mbele ya mji mzima, nani atamwita tena?"

Zainabu alikuwa amekaa pale pale kikaoni. Hakujitetea. Alisema tu, "Nitapika." Lakini tulipotoka nje akaniambia, "Baba Anjela, mwenyekiti amesema kweli. Hii ikiharibika mimi nimekwisha hapa Babati. Itabidi nihame." Nikamwambia haitaharibika. Nilisema kwa sauti nzito, kama baba anavyotakiwa kusema.

Siku yenyewe nilivalishwa suti na shingo ya shati ikanikaba. Nikakaa mbele na mke wangu tumevaa kitambaa kimoja, tai yangu na gauni lake. Wakwe walitakiwa kufika alasiri. Alasiri ikapita. Emsii akapiga muziki, akapiga muziki mwingine, akaanza kutania watu kwa makabila yao. Mimi macho yako mlangoni lakini pua iko jikoni. Nilikuwa nasikia pilau inavyoshuka. Nilikuwa najua kitunguu kimefika wapi bila kuambiwa.

Simu ikaita, ni mshenga wao. "Baba, tumeshapita Magugu. Tunaingia sasa hivi."

Magugu ni hapo tu. Nikaona kichwani mwangu wakwe wameshuka, wameingia, na bafe haina kitu. Niliinuka kitini na suti yangu, mke wangu akanivuta koti, nikajinasua, nikazunguka nyuma ya ukumbi mpaka jikoni.

Nikakuta mambo yametulia kupita kiasi. Maharage machanga yamepitishwa, yamepozwa, yamechujwa, yamelala kwenye mabeseni chini ya kitambaa kibichi. Karoti vivyo hivyo. Figiri zimekamuliwa na kupangwa mabonge mabonge. Majiko ya gesi ya mboga yamezimwa. Zainabu amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anakunywa chai.

"Washa," nikamwambia. "Kaangeni mboga. Wameingia."

"Wameingia wapi, Baba Anjela?"

"Wamepita Magugu."

"Nani kasema?"

"Mshenga, kwenye simu."

Akacheka. Wasichana wake nao wakacheka. "Mtu anayesema kwenye simu amepita Magugu," akasema, "huyo bado yuko kule Makuyuni, nusu ya njia, anakunywa soda."

Nikapandisha sauti. Nikamwambia yeye hajaoza mtoto, hajui aibu ya wakwe kukaa mbele ya meza tupu. Nikamwambia haya yote nimemfundisha mimi. Baba Lulu naye akawa ametokea mlangoni, amefuata kelele, na aliposikia wakwe wako Magugu na majiko yamezimwa, akashika kichwa. "Nilisema mimi. Nilisema tulete watu wa Arusha." Mimi tayari nilikuwa nimevua koti, nimekunja mikono ya shati, nimechukua mwiko.

Fikirieni hapo Zainabu alipokuwa. Baba mwenye shughuli anamwambia washa. Mwenyekiti wa kamati anamwambia washa. Akiwasha na wageni wasije, mboga inaiva mara mbili, inakuwa matope, na jina lake linakwenda nayo. Asipowasha na wageni wakaja, wanakaa mbele ya sahani tupu, na jina lake linakwenda vile vile. Njia rahisi ilikuwa kunitii, maana akinitii angalau lawama tungegawana.

Aliinuka kwenye ndoo. Akaniondoa mwiko mkononi, bila kuupokonya, kama unavyomwondolea mtoto kisu. Akasema kwa sauti ya chini ili wasichana wasisikie, lakini walisikia.

"Baba Anjela, nenda kakae uwasubiri wakwe zako. Jikoni leo wewe ni mgeni."

Nilitaka kumjibu. Nilimtazama usoni nikaona anaogopa, midomo imekauka, ila mkono ulioshika mwiko umetulia. Nikavaa koti langu. Nikamshika Baba Lulu kiwiko nikamwambia, "Twende." Akaniuliza, "Umekubali?" Nikamwambia nimekubali. Kusema kweli miguu ilikuwa haijakubali.

Nilirudi kukaa na hapo ndipo nilipomwelewa yule binti wa chuo na habari zake za uso kupauka. Mke wangu alinipa kitambaa nijifute. Tulikaa. Emsii akamaliza makabila, akarudia ya kwanza. Wale wakwe walikuja giza linaanza kuingia, wamechoka, wana vumbi, mshenga anaomba radhi kwamba tairi liliwapasukia. Sikumuuliza lilipasukia wapi. Wakaingia na ngoma, wakatambulishwa mmoja mmoja mpaka shangazi wa shangazi, yakaja ya zawadi, ikaja keki.

Anjela alipoanza kuwalisha wakwe keki, ndipo nikasikia kutoka nyuma mlio wa kitunguu kinaingia kwenye mafuta. Halafu karoti. Halafu maharage. Emsii aliposema chakula tayari, wasichana wakatoka na mabakuli yanafuka moshi, na mboga ile ilikuwa ya kijani mpaka ukumbi uliona. Baba mkwe alichukua haragwe moja kwa mkono, akalivunja mbele ya mke wake, wakasikilizishana, wakacheka. Baba Lulu alikwenda bafe mara ya pili, aliporudi na sahani imejaa akaniinamia sikioni. "Shemeji," akasema, "huyu Mama Rahma namba yake ya simu ni ipi? Mwezi ujao tuna kipaimara cha Lulu." Nikamwambia akamwombe mwenyewe, na aanze na samahani.

Mimi nililetewa sahani pale nilipokaa. Vijana, mpishi wa shughuli hali chakula cha moto. Anakula ukoko, amesimama, watu wakishaondoka. Nilikula ya moto, nimekaa, mkono wa mtu mwingine, na nilifurahi na kuumia kwa pamoja hata sikujua kipi kinatangulia. Mke wangu alidhani nalilia Anjela. Nilimwacha adhani.

Kesho yake asubuhi Zainabu akaja nyumbani Nangara na kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, kimejaa sufuria zangu, zile kubwa zote, zimesuguliwa zinang'aa. Akanisalimia, akaanza kuzishusha. Nikamwambia asishushe.

"Nizipeleke wapi?"

"Kwako."

Akasimama na mfuniko mkononi. "Na wewe, Baba Anjela, utapikia nini?"

"Sipiki tena," nikamwambia. "Nialike tu."